Moto Juu, Moto Chini

Vitabu vingi vya mapishi vinavyofika mikononi mwetu huanza kwa amri moja: washa oveni, nyuzi 180. Msomaji wa Kindu asiye na oveni, au mwenye oveni isiyo na umeme, hukifunga kitabu hapo hapo. Anaona keki ni chakula cha watu wengine. Sura hii nimeiandika kwa ajili yake.

Maana keki zinapikwa Kindu. Zinapikwa Kasuku na Mikelenge, na ng'ambo ya Lualaba kule Alunguli. Zinapikwa Kalima, Kampene na Kama. Zinapikwa kwa ubatizo na komunyo ya kwanza, kwa harusi, kwa sikukuu ya Idi, na kwa tarehe 8 Machi, akina mama wanapotoka na vitenge vya sare. Wapikaji wengi huziita gato, na wengi wao wana jiko la makaa, sufuria na mwiko, basi. Keki zao nzuri hazina aibu mbele ya keki yoyote ya dukani. Mbaya zao nazo zinaharibika kwa sababu zinazojulikana, na nyingi ya sababu hizo ni za moto.

Oveni ni njia moja tu ya kukipa chakula joto la juu na la chini kwa wakati mmoja. Watu wetu wana njia nyingine, na wanayo tangu zamani. Mpishi wa pwani, wali wake ukishakauka maji, huufunika na kuupalia: anapunguza moto wa chini, anaweka makaa juu ya kifuniko, na kuuacha wali uive polepole pande zote. Mkate wa kumimina, ule wa mchele uliolowekwa na kusagwa kwa tui, sukari, hiliki na hamira, huokwa kwa makaa ya juu na ya chini vilevile. Anayejua kuupalia mkate wa kumimina ameshajua nusu ya kazi ya keki ya vanila.

Mpunga wenyewe uliingia mkoa wetu wa Maniema pamoja na watu wa pwani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walipiga kambi Nyangwe katika miaka ya 1860. Msafiri Mskoti Livingstone alifika hapo mwaka 1871, na Julai ya mwaka huo huo akashuhudia watu wakipigwa risasi sokoni. Kasongo ikawa ngome ya mfanyabiashara Tippu Tip na jamaa zake. Walikuja na bunduki na minyororo, na gharama yake ililipwa na watu wa Maniema. Lakini waliacha pia Kiswahili, Uislamu na mashamba ya mpunga. Majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipoiteka Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili, mpunga ulibaki, na serikali ya kikoloni baadaye ikawalazimisha wakulima kuulima. Leo Maniema ni nchi ya wali. Nalitaja hili kwa sababu litatusaidia katika unga.

Unga wa ngano ndicho kitu kigeni kuliko vyote katika keki yetu. Ngano haipendi joto na unyevu wa nchi ya chini. Hulimwa kidogo kwenye baridi ya milima ya Lubero, Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa ya inayoliwa Kongo hutoka ng'ambo ya bahari. Ili ifike Kindu, inapanda treni kutoka Katanga kupitia Kongolo, kwenye reli ambayo kipande chake cha Kongolo hadi Kindu kilijengwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, au inapanda mto kwa boti kutoka Ubundu, au inaletwa na ndege. Treni ikichelewa, na huchelewa, bei inapanda. Tangu waasi wa M23 waiteke Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, biashara ya upande wa mashariki imekuwa ngumu zaidi. Mama anayepika keki za kuuza hawezi kuipangia bei keki yake ikiwa hajui unga utauzwaje wiki ijayo.

Kwa hiyo napendekeza kwa moyo wote tuchanganye. Robo ya unga wa keki iwe ya mchele wetu. Na hili si shauri la uhaba tu. Unga wa ngano una gluteni, utando unaovutika ambao mwoka mikate huutafuta kwa kukanda. Kwenye keki utando huo ukizidi ni adui, huifanya iwe ngumu kutafuna. Unga wa mchele hauna gluteni kabisa. Robo yake hulainisha keki na kuipa chembechembe nzuri mdomoni. Ukipita theluthi, keki itaanza kuvunjikavunjika unapoikata, kwa hiyo usipite. Osha mchele, uloweke saa mbili au tatu, uchuje, uutandaze juu ya kitambaa safi mpaka ubaki na unyevunyevu tu, kisha utwange na uchekeche kwa chekeche lenye matundu madogo kuliko yote uliyo nayo. Kinachobaki juu ya chekeche kirudi kinuni. Unga ukishapatikana, ukaushe vizuri kabla ya kuuhifadhi, la sivyo utachacha.

Kipimo nacho ni rahisi kuliko vitabu vinavyotutisha. Wafaransa na Wabelgiji wana keki ya nyumbani ya robo nne: mayai, sukari, unga na siagi, vyote kwa uzito sawa. Mayai yenyewe ndiyo mawe ya mizani. Weka mayai manne upande mmoja, pima sukari upande wa pili mpaka mizani itulie, kisha unga, kisha majarini. Mkoa wetu umeishi na mizani, kuanzia kasiterite ya Kalima na Punia hadi dhahabu ya Namoya, na haitakuwa vigumu kumpata jirani wa kukuazima. Ukiikosa kabisa, tumia kikombe cha robo lita. Mayai manne ya kawaida bila maganda ni kama gramu 200. Sukari gramu 200 ni kikombe kilichopungua kidogo. Unga gramu 200 ni kikombe kimoja na nusu na ushee, ukiumimina bila kuushindilia. Majarini, Blue Band au nyingine, ni kikombe kisichojaa. Mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo, basi tumia matano. Kila yai livunjwe peke yake katika bakuli dogo kabla ya kuungana na wenzake. Yai moja viza likimwagikia manne mazuri, umepoteza yote.

Mawese nisingeyatia humu, ingawa nayapenda na yanatoka kwetu. Harufu yake nzito huifunika vanila isisikike, na hii ni keki ya vanila. Mafuta meupe ya kupikia yanafaa, lakini hayashiki hewa kama majarini, kwa hiyo ukiyatumia, hewa yote itoke kwenye mayai: piga mayai na sukari mpaka yawe mazito na meupe, ndipo umimine mafuta taratibu, kiasi cha mililita 160.

Kwa majarini, kazi inaanza na mwiko. Saga majarini na sukari pamoja, ukibana kwenye ukuta wa bakuli na kuzungusha. Chembe za sukari zina ncha, na kila moja inapopita katika majarini huacha nyuma yake kitundu cha hewa. Mwanzoni mchanganyiko ni wa manjano na unakwaruza. Baada ya dakika kumi na ushee unafifia rangi, unakuwa mwepesi, na mwiko unapita bila kelele. Hapo ndipo wengi huchoka mapema, na keki huanza kuharibika kabla hata makaa hayajawashwa. Baking powder haitengenezi vitundu vipya. Hupanua vile ulivyovifanya kwa mkono. Mkono ukichoka, mpe mtoto zamu yake.

Tia mayai moja moja, ukipiga vizuri kila mara. Mchanganyiko ukikatika na kutoa maji, tia kijiko kimoja cha unga na uendelee, utarudi. Unga uliobaki uchekeche pamoja na baking powder, kijiko cha chai kimoja na nusu, na chumvi kidogo sana. Hakikisha ulichonunua ni unga wa kuumulia keki na si hamira ya mkate. Dukani vyote viwili huitwa levire, na pakiti zake hukaa jirani. Unyevu wa Kindu nao huiua baking powder kimyakimya. Chukua kijiko chake, ukimwagie maji ya moto: ikitoa povu kwa nguvu, iko hai. Ikibaki imetulia, itupe, hata kama tarehe ya pakiti haijapita. Unga ukishaingia, usipige tena. Uchanganye kwa kugeuza kutoka chini kwenda juu, na usimame mara tu usipouona unga mkavu. Rojo likiwa zito mno kudondoka mwikoni, lilegeze kwa vijiko viwili vya maziwa.

Sasa vanila. Inayopatikana kwetu kwa kawaida ni pakiti ndogo ya sukari ya vanila, na harufu yake mara nyingi ni vanilini iliyotengenezwa kiwandani. Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann ndio walioitengeneza kwanza, mwaka 1874, kutokana na utomvu wa misonobari. Haina madhara kwenye keki, na pakiti moja inatosha. Itie mwanzoni, wakati wa kusaga majarini, kwa sababu harufu ya vanila hushikwa vizuri na mafuta. Ukiitia mwishoni nyingi itapotea na mvuke.

Vanila yenyewe ni mmea wa kutambaa wa jamii ya okidi, asili yake Meksiko. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na likinyauka bila kuchavushwa hakuna tunda. Wazungu walioupeleka katika visiwa vya Bahari ya Hindi walikaa miaka wakitazama maua yasiyozaa, maana wadudu wa kwao Meksiko hawakuwepo. Aliyefungua mlango ni mtoto mtumwa wa Kiafrika katika kisiwa cha Réunion, Edmond, mwenye miaka kama kumi na miwili. Mwaka 1841 alionyesha kwamba ukiinua kijiwambo cha ndani ya ua kwa kijiti, na kuubonyeza uchavu kwa kidole gumba, ua linashika mimba. Ni kazi ya sekunde chache. Njia hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo Madagaska, inayozalisha vanila nyingi kuliko nchi yoyote, na ndiyo inayotumika Uganda. Utumwa ulipofutwa Réunion mwaka 1848 alipewa jina la ukoo, Albius. Matajiri wa vanila walitajirika, na yeye akafa maskini mwaka 1880. Sisi wa Maniema, ambao mababu zetu walichukuliwa kwa minyororo miaka hiyo hiyo, tuna sababu ya kulikumbuka jina lake tunapochana pakiti ya sukari ya vanila.

Na tuna sababu ya kuupanda mmea wenyewe. Vanila hutaka joto la nyuzi 21 hadi 32, mvua, kivuli chepesi na mti wa kuuegemea. Wakulima wa Ituri na Kivu Kaskazini wanailima tayari. Kindu iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, katikati ya msitu na mvua. Sioni hali ya hewa inayotuzuia. Mkulima anahitaji subira, kwani tunda hukaa mtini miezi kama tisa, na likishachumwa hupashwa moto, hufunikwa litoe jasho na kukaushwa kwa miezi kabla halijanukia. Kwa keki moja ungehitaji nusu ya tunda tu: lipasue kwa urefu, ukwangue mbegu zake nyeusi uzitie kwenye majarini, na ganda ulizike ndani ya kopo la sukari.

Turudi kwenye moto, maana hapa ndipo keki inapopatikana au kupotea.

Tafuta sufuria pana na nzito. Zile za kusubu zinazotengenezwa na mafundi wetu ni bora kuliko nyembamba za dukani, kwa sababu joto lake hutawanyika. Mimina ndani mchanga safi wa mtoni, kina cha vidole viwili. Mchanga huo uoshwe na ukaushwe kabisa siku moja kabla. Ukiwa na maji utatoa mvuke, na keki itachemka badala ya kuokwa. Kopo la keki, lililopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, litakaa juu ya mchanga, na rojo lisipite theluthi mbili ya kimo chake. Kifuniko kiwe cha bapa, au kipande cha bati kilichokunjwa kingo ili makaa yasidondoke.

Washa makaa ya mti mgumu, nje ya nyumba au barazani penye hewa. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu, na imeua familia zilizolala. Hakuna keki yenye thamani hiyo. Subiri makaa yote yavae jivu jepesi. Kisha yagawe: sehemu moja chini, sehemu mbili juu. Ya chini yapange kwa duara, katikati pakiwa patupu. Ya juu yatandaze, mengi zaidi pembeni. Acha sufuria tupu ipate moto robo saa. Ujaribu kwa unga: nyunyiza kiasi kidogo kwenye kifuniko cha kopo, kiweke ndani na ufunike. Baada ya dakika tano uwe umepata rangi ya kahawia nyepesi. Ukiwa mweusi, ondoa makaa ya chini. Ukiwa bado mweupe, ongeza ya juu.

Kwa nini ya juu yawe mengi? Moto wa chini peke yake hufanya mabaya mawili. Unaunguza kitako cha keki, na unaufukuza mvuke upande juu mpaka kwenye kifuniko cha baridi, ambako unageuka maji na kudondoka tena. Ndiyo maana keki nyingi za jiko zina kitako cheusi na uso mweupe unaonata vidoleni. Kifuniko chenye makaa ni cha moto. Mvuke haugeuki maji hapo, uso unakauka na kupata rangi ya hudhurungi. Mpishi akishalielewa hili moja, keki yake haitakuwa tena jambo la bahati.

Ndani ya kopo kuna mashindano. Vitundu vya hewa vinapanuka, baking powder inaongeza gesi, na rojo linapanda. Wakati huo huo mayai yanaanza kuganda na wanga wa unga unavimba na kushika. Kupanda kukitangulia na kuganda kukafuata, keki inasimama. Baridi ikiingia kabla ya kuganda, gesi inasinyaa na katikati inazama. Ndiyo maana katika kila ua panapopikwa keki utasikia mazungumzo ya namna hii:

"Mama, gato iko tayari?"

"Bado, mwanangu. Ukifunua sasa, italala."

Na Mama ana haki. Nusu saa ya kwanza kifuniko kisiguswe kwa kuchungulia. Kinachoguswa ni makaa yake: kila dakika ishirini hivi, pukuta jivu na uongeze makaa yaliyokwisha kuwashwa kando, kwani makaa meusi yakiwekwa juu yatapoza kifuniko. Dakika kumi za mwisho, ondoa moto wote wa chini. Mchanga una joto la kutosha, na uso unamalizia kwa moto wa juu. Keki ya mayai manne huchukua kati ya dakika arobaini na tano na saa moja. Utaijua kwanza kwa pua, kwa sababu harufu hutanda ua mzima karibu na mwisho. Kisha funua, uone kama kingo zimeanza kuachana na kopo, na uchome katikati kwa njiti kavu. Njiti ikitoka safi, ipua. Ipumzishe dakika kumi kabla ya kuigeuza, maana ikiwa ya moto sana hukatika.

Kwa wanaopika nyingi kwa ajili ya harusi, kuna tanuru la mwoka mikate. Mikate ikishatoka asubuhi, tofali zake hubaki na joto la saa kadhaa, lisilo kali, linalofaa keki hasa. Zungumza naye, mpe chochote kidogo, na upeleke makopo yako yote kwa pamoja. Ni nafuu kuliko kuchoma gunia la makaa, na msitu wetu utashukuru.

Kama hujawahi kupika keki, usianze na ya mayai manne siku ya ubatizo wageni wakiwa njiani. Anza na mayai mawili, siku ya kawaida, katika kopo dogo, na uitazame baada ya dakika thelathini. Kitako kikiwa cheusi, moto wa chini ulizidi; uso ukinata, wa juu ulipungua; katikati ikizama, ulifunua mapema au hukuipa muda. Rekebisha hilo moja tu, na uipike tena wiki hiyo hiyo, kabla mkono haujasahau.